Nimebadilisha prosesa na kuongeza RAM kwenye seva kuukuu ya hifadhidata: nilivyopima, nilivyochagua na yaliyonikuta

Mlinzi wa Jedwali (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimetoka kumaliza kazi ambayo imenikosesha usingizi kwa wiki kadhaa, na nataka kuiandika yote kabla sijasahau. Wengi humu tunatunza seva zilizozeeka ambazo hakuna mwenye haraka ya kuzibadilisha, lakini kila siku tunaulizwa mbona mfumo ni mzito.

Mashine yenyewe ni ya soketi mbili, kizazi cha Xeon E5-2600 kilichotoka Machi 2012. Familia hii mtaijua kwa Dell PowerEdge R720 au HP ProLiant DL380p Gen8, zile zenye sloti 24 za RAM. Ndani nilikuta prosesa mbili za E5-2609 na vijiti 8 vya RAM vya 8GB, DDR3 ya kasi ya 1333, jumla 64GB. Juu yake inaendeshwa SQL Server 2019 Standard (mfumo wa hifadhidata wa Microsoft) yenye hifadhidata ya 210GB. Ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachukua dakika 40, na ikishaanza, watu wanaoingiza mauzo wanaona skrini zao zimeganda.

Kila mtu ofisini alisema tatizo ni prosesa. Niliomba wiki moja ya kupima kwanza, na ninashukuru nilipewa.

SQL Server inajiwekea kumbukumbu ya kila kitu inachokisubiri, na inasomeka kwenye sys.dm_os_wait_stats. Nilichukua picha ya takwimu hizo kabla ya ripoti na nyingine baada yake, nikatoa tofauti. Iliyoongoza kwa mbali ilikuwa PAGEIOLATCH_SH. Maana yake kwiri (ombi la data kwa hifadhidata) imesimama inangoja ukurasa wa 8KB utoke diski uingie kwenye RAM. SOS_SCHEDULER_YIELD, ambayo ikiwa juu sana huashiria kwamba viini vya prosesa vinagombewa, ilikuwa chini kabisa. Prosesa zilikuwa zinakaa bure zikingoja diski.

Na diski zenyewe ni za mizunguko 10,000 kwa dakika. Kwa wastani diski ya namna hiyo inasubiri milisekunde 3 ili data ifike chini ya kichwa, bado hujahesabu muda wa kichwa kusogea. Tukisema milisekunde 7 kwa jumla, kurasa 100,000 zikisomwa mojamoja ni karibu dakika 12. Kurasa hizohizo zikiwa tayari kwenye RAM, ambako kufikia data ni kama nanosekunde 100, hata kope hujapepesa. Nimerahisisha, kwa sababu seva ina diski nyingi na SQL Server husoma mbele, lakini uwiano ndio huo.

Kitu kingine cha kuangalia kabla hujaomba hela ya kununua chochote ni mpangilio wa umeme. Kwenye Windows Server mpangilio wa kawaida ni ule wa uwiano, unaopunguza kasi ya prosesa kazi ikipungua, na si kila mara kasi inarudi upesi kazi ikija. Weka ule wa utendaji wa juu, na uhakikishe BIOS (programu ya kuwashia mashine) nayo haina mpangilio wa kubana umeme unaopingana nao. Nimeona seva zikipata nafuu kwa hilo peke yake.

Kwa hiyo RAM ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza. Ila prosesa nazo sikuziacha, na sababu ni hii: E5-2609 ina viini vinne vya 2.4GHz, haina turbo (kujipandishia kasi kwa muda), haina nyuzi mbili kwa kiini (kiini kimoja kujionyesha kama viwili), na kidhibiti chake cha RAM kinaishia 1066. Yaani vijiti vyangu vya 1333 vilikuwa vinakimbia 1066 miaka yote hiyo. Nilipoligundua hilo nilisikitika kweli.

Kuchagua prosesa

Ubao wa kizazi hiki unakubali pia prosesa za v2 (toleo la pili la familia hii) zilizotoka Septemba 2013, mradi BIOS iwe mpya vya kutosha. Mshawasha wa kwanza ni kwenda moja kwa moja kwa E5-2697 v2 yenye viini 12. Mbili zake ni viini 24. Inapendeza macho.

Lakini SQL Server tangu toleo la 2012 inauzwa leseni kwa kiini, na kwa kila prosesa ya kwenye mashine unalipia angalau viini 4. Mimi nilikuwa na viini 8, leseni 8. Kwa viini 24 ningehitaji leseni 24, na leseni 16 za ziada ni mzigo unaoifanya bei ya chuma chenyewe ionekane si kitu. Kuna watu wamebadilisha prosesa kwa nia njema kabisa, halafu ukaguzi wa leseni ukawakuta.

Nilichochukua ni E5-2637 v2 mbili. Viini vinne kila moja, kwa hiyo leseni zilezile 8, lakini kasi ya msingi ni 3.5GHz na turbo inafika 3.8GHz. Kashe inatoka 10MB hadi 15MB, nyuzi mbili kwa kiini zipo (na kwa leseni ya mashine halisi hazihesabiwi), na RAM inaruhusiwa hadi 1866. Kwiri moja isiyogawanyika inakimbilia kiini kimoja tu, na kiini hicho sasa kina kasi zaidi kwa karibu nusu, kabla hujahesabu maboresho ya kizazi chenyewe.

Ubaya wake ni joto. E5-2609 ni ya wati 80, na E5-2637 v2 ni ya wati 130. Soma mwongozo wa seva yako uone kama kipoza joto ulicho nacho kinafaa kwa wati hizo. Seva nyingi za familia hii zilitoka na vipoza vya aina mbili, kidogo na kikubwa. Angalia na pawasapulai pia, hasa kama unategemea moja ibebe mzigo wote nyingine ikifa.

Kuchagua RAM

Hapa napo leseni inaingia. SQL Server Standard ya 2019 inaweka kikomo cha 128GB kwa bafa ya kurasa (sehemu ya RAM inayoshika kurasa za data), hata ukijaza mashine 768GB. Toleo la 2025 limepandisha hadi 256GB, lakini mimi sipo huko bado. Nikapiga hesabu: 128GB za bafa, ongeza zinazotumika kwa mipango ya kwiri na mengineyo, ongeza za Windows yenyewe. Nikaishia 192GB.

Kila prosesa ina chaneli 4 za RAM, jumla 8. Nilinunua vijiti 8 vya 16GB, kimoja kwa kila chaneli, halafu vile vya zamani vya 8GB nikavipanga sloti ya pili ya kila chaneli. Kila chaneli ina 24GB na pande zote mbili zimelingana. Ulinganifu huu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: chaneli moja ikiwa tupu au ikiwa na mzigo tofauti, prosesa haiwezi kutawanya data sawasawa na unapoteza upana wa njia.

Vyote ni RDIMM (aina ya vijiti vya seva) zenye ECC (kugundua na kusahihisha makosa ya RAM). Usichanganye RDIMM na LRDIMM, wala na UDIMM, mashine haitawaka. Ukienda kwa vijiti vikubwa vya renki nne (renki ni kundi la chipu za RAM zinazofanya kazi pamoja), kumbuka chaneli inabeba renki 8 tu, kwa hiyo vijiti viwili na basi. Na ukijaza sloti ya tatu ya chaneli, kasi inashuka, kwa kawaida hadi 1333 au 1066 kutegemea mashine. Jedwali la hilo limo kwenye mwongozo wa kila seva, lisome kabla ya kuagiza.

Siku ya kazi

Bakapu nilichukua siku mbili kabla, nikairejesha kwenye mashine nyingine nikaona inafunguka. Bakapu ambayo hujawahi kuirejesha usiitegemee kwa kazi ya namna hii.

Kisha BIOS. Nasisitiza: BIOS inasasishwa wakati prosesa za zamani bado zimo ndani. Ukifungua seva ukaweka v2 kwanza wakati BIOS ni ya mwaka 2012, skrini inabaki nyeusi, huna pa kusasishia, na inabidi urudishe prosesa ulizozitoa. Nilisasisha BIOS na kidhibiti cha mbali (kifaa cha ndani cha kusimamia seva ukiwa mbali), nikawasha, nikaacha seva ifanye kazi siku nzima nione haina tatizo, ndipo usiku uliofuata nikaizima.

Soketi ya LGA 2011 ina pini kwenye ubao, na prosesa yenyewe ni bapa. Pini hizo ni laini mno. Prosesa inashushwa wima kwa vidole viwili, haiburuzwi. Nilivaa kamba ya kuondoa umeme tuli, nikasafisha kipoza joto kwa spiriti mpaka kikang'aa, nikaweka paste mpya kiasi cha punje ya dengu, nikafunga skrubu kwa kukatisha pembe kwa pembe, kila moja kidogokidogo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kulichukua muda mrefu, kwa sababu mashine inajifunza RAM upya. Hapo moyo unadunda. Ikapita, ikaonyesha 192GB. Niliendesha memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha kabla ya kurudisha mfumo.

Baada ya kuwaka

Usiache max server memory (kikomo cha RAM ya SQL Server) kwenye thamani yake ya kuzaliwa, ambayo ni 2147483647, yaani bila kikomo. Mimi nimeweka 163840MB, ambazo ni 160GB, na 32GB nikaiachia Windows. MAXDOP (nyuzi ambazo kwiri moja inaruhusiwa kugawanywa) nimeweka 4, kwa kuwa kila upande wa NUMA (prosesa moja na RAM yake ya karibu) una nyuzi 8 na sikutaka ripoti moja imeze upande mzima. Cost threshold for parallelism (uzito wa kwiri kabla haijagawanywa) inayokuja na 5 nimepandisha hadi 50, kwiri ndogondogo zisigawanywe bure.

Ripoti ya dakika 40 sasa inaisha dakika 9 ikiendeshwa mara ya pili. Mara ya kwanza baada ya kuwasha ni polepole kwa sababu RAM bado tupu, hilo waambie wakubwa wenu mapema. Muhimu zaidi kwangu, wanaoingiza mauzo hawagandi tena.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

Bisibisi

Mkuu kazi safi, lakini kuna sehemu sikubaliani. Umenunua prosesa zinazokubali RAM ya 1866 halafu umebakiza vijiti vya 1333. Vyote sasa vinakimbia 1333, maana mashine hufuata aliye mwisho. Ungetupa vya zamani ukanunua 16 vipya.

---

Mlinzi wa Jedwali

Bisibisi, hoja yako ni ya kweli, vyote vinakimbia 1333 na nilijua hivyo kabla. Nilipima hivi. Kijiti cha DDR3-1333 cha CL9 (CL ni mizunguko ya kusubiri kabla ya jibu) kinachukua nanosekunde 13.5 kuanza kujibu. Cha 1866 cha CL13 kinachukua kama 13.9. Kwa kusubiri hakuna tofauti ya maana. Kinachoongezeka ni upana: chaneli ya 1333 inapitisha kama 10.6GB kwa sekunde na ya 1866 inapitisha kama 14.9GB.

Hifadhidata yangu inaruka huku na huku kutafuta mistari midogo kwenye indeksi, kwa hiyo inaumizwa na kusubiri kuliko upana. 64GB zile za zamani zinaacha nafasi kwa kurasa nyingi ambazo zingebaki diski. Kama kazi yangu ingekuwa kuchanganua majedwali makubwa yaliyokwisha kuingia RAM, ningefanya kama ulivyosema.

---

Bisibisi

Hapo nimekuelewa. Hesabu ya CL sikuwahi kuiweka hivyo. Basi niongeze jambo kwa wengine: angalieni pia volti. Kuna vya 1.35 na vya 1.5. Ukichanganya, vyote vinapelekwa 1.5, na inafanya kazi, ila joto linaongezeka kidogo na feni zinasikika.

---

Nahodha wa Data

Wakuu naomba msaada. Nina seva ya familia hiyohiyo, ila yangu ina prosesa moja tu, E5-2620, soketi ya pili ina kifuniko. Hifadhidata ni PostgreSQL 13, RAM 32GB. Nimenunua vijiti vinne vya 16GB, nikaviweka upande wenye nafasi, mashine inawaka lakini haivioni kabisa. Nimeambiwa vijiti ni vibovu nivirudishe. Ni kweli?

---

Bisibisi

Usivirudishe! Umeviweka kwenye sloti za soketi ya pili. Kidhibiti cha RAM kiko ndani ya prosesa, kwa hiyo sloti 12 za upande ule hazina wa kuzisoma mpaka uweke prosesa ya pili. Baadhi ya nafasi za kadi za PCIe nazo zinategemea prosesa ya pili, kwa hiyo siku ukiweka kadi isionekane, kumbuka hili.

---

Nahodha wa Data

Dah, asante sana mkuu. Kesho ningekuwa nagombana na muuzaji bure. Sasa, ninunue E5-2620 ya pili, au nifuate njia ya v2?

---

Mlinzi wa Jedwali

Nahodha, prosesa mbili kwenye ubao mmoja lazima ziwe modeli moja. Ukinunua E5-2620 ya pili unapata viini 12 vya 2.0GHz, vyenye turbo ya 2.5. Ni chaguo linalofanya kazi, lakini mimi ningetoa ile nikaweka v2 mbili. PostgreSQL haikudai leseni ya kiini, kwa hiyo kile kilichonifunga mimi hakikufungi wewe.

Swali ni miunganiko mingapi inafanya kazi kwa wakati mmoja. PostgreSQL inatoa prosesi moja kwa kila muunganiko. Ukiwa na kwiri nyingi ndogo kwa pamoja, viini vingi vinakusaidia. Ukiwa na chache nzito, kasi ya kiini ndiyo inayokuokoa, ingawa tangu 9.6 ya mwaka 2016 kwiri inaweza kugawanywa. E5-2667 v2 iko katikati: viini 8, 3.3GHz, turbo hadi 4.0GHz, kashe 25MB.

---

Nahodha wa Data

Miunganiko inafika 300 saa za kazi, ila inayofanya kazi kweli kwa wakati mmoja ni kama 20. Nadhani nitaenda na 2667 v2. RAM nitafikisha 128GB, vijiti 8 vya 16. shared_buffers (RAM ya PostgreSQL yenyewe ya kushikia kurasa) niweke ngapi?

---

Kitabu Wazi

Hapa naomba niingie, PostgreSQL ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Anza na robo ya RAM, 32GB. PostgreSQL inategemea pia kashe ya mfumo endeshi, kwa hiyo usiipe 100GB ukidhani unaisaidia. effective_cache_size weka kama 96GB; hiyo haichukui RAM, inamwambia mpangaji wa kwiri akadirie kiasi gani cha data kitakuwa tayari kwenye kashe.

Jambo linalosahauliwa sana ni kurasa kubwa. Kwa kawaida Linux inagawa RAM vipande vya 4KB, na kila prosesi inatunza ramani yake ya vipande hivyo. 32GB ni vipande zaidi ya milioni 8, kila kimoja kinahitaji baiti 8 kwenye ramani, kwa hiyo prosesi iliyogusa shared_buffers zote ina ramani ya 64MB. Zidisha kwa miunganiko yako 300, ni karibu 19GB za RAM zinazoishia kwenye ramani tu. Umenunua vijiti, na zaidi ya kimoja kizima kimekwenda huko. Tumia huge_pages = on na utenge kurasa za 2MB kwenye vm.nr_hugepages, kama 16,384 na ziada kidogo. Ramani inashuka hadi kiasi kisichohesabika.

Na work_mem (RAM ya kazi za muda za kwiri) tafadhali kuwa nayo mwangalifu. Inatolewa kwa kila upangaji na kila hashi ndani ya kwiri, kwa kila muunganiko. Wengi wakishaongeza RAM wanaipandisha kwa furaha, na siku ya mzigo mkubwa kerneli inaanza kuua prosesi.

---

Kipanga Mlima

Uzi mzuri. Mimi niko kwenye Oracle, nikiongeza viini hali ikoje?

---

Kitabu Wazi

Inategemea toleo. Enterprise inahesabu viini, na kwa prosesa za Intel za x86 kila kiini kinazidishwa kwa 0.5. Viini 8 ni leseni 4. Ukiweka viini 24 ni leseni 12. Standard Edition 2 inahesabu soketi, mashine isizidi soketi mbili, lakini hifadhidata yenyewe inajizuia kwenye nyuzi 16 za prosesa kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kwenye SE2 nako prosesa chache zenye kasi zinakufaa kuliko nyingi za polepole.

---

Mama Seva

Nimesoma yote kwa makini. Naomba nieleze la kwangu ili lisimkute mwingine.

Mwaka uliopita nilibadilisha prosesa kama mlivyoeleza, mashine ikawaka bila kosa lolote kwenye skrini. RAM ilipaswa kuwa 128GB, ikasoma 112GB. Nilihamisha vijiti, nikabadilisha, kila mara chaneli ileile ya prosesa ya pili haionekani. Nilipotoa prosesa nikamulika soketi kwa tochi kwa pembeni, pini moja ilikuwa imelala. Niliinyanyua kwa sindano chini ya kioo cha kukuzia, kwa saa nzima, nikiwa nimeshikilia pumzi. Ilirudi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuweka prosesa napiga picha ya soketi na kuikuza, na baada ya kuwasha nahesabu RAM kabla ya kufunga kifuniko.

---

Mlinzi wa Jedwali

Mama Seva, pole sana, na asante. Hilo la kupiga picha soketi naliiga.

Na mimi niongeze ambalo sikuliandika juu. Siku ya tatu baada ya kuwasha, kumbukumbu za mashine zilianza kuonyesha makosa ya ECC yaliyosahihishwa kwenye kijiti kimoja kipya. Memtest ilikuwa imepita usiku ule bila kosa. Nilikihamishia sloti nyingine, makosa yakakifuata, nikajua ni kijiti na si ubao. Muuzaji alikibadilisha. Kwa hiyo wiki za mwanzo ingieni kila siku kwenye kidhibiti cha mbali, au kwenye Linux tumieni ipmitool sel list, msome.

---

Kiberenge

Swali la kizembe pengine: kwa nini usingeweka SSD tu ukaacha hayo yote? SSD ya SATA inajibu kwa mikrosekunde kama 100, hapo PAGEIOLATCH ingeisha yenyewe.

---

Mlinzi wa Jedwali

Si la kizembe hata kidogo, ni swali ambalo kila mtu anapaswa kujiuliza. SSD ingepunguza sana, na kwa mwenye hela ya kitu kimoja tu na hifadhidata inayozidi RAM anayoweza kumudu, ningemwambia aanze na SSD.

Kwangu data inayotumika kila siku ni kama 90GB kati ya 210GB, nyingine ni ya miaka iliyopita. 90GB zinaingia kwenye bafa ya 128GB zote. Data ikishaingia RAM, hata mikrosekunde 100 ni mara elfu ya nanosekunde 100.

Ila kuna kitu RAM haigusi. Kila muamala ukithibitishwa, logi (kumbukumbu ya mabadiliko) lazima iandikwe diski kabla mtumiaji hajajibiwa, RAM iwe kubwa kiasi gani. Baada ya kubadilisha vyote hivi, WRITELOG, yaani kusubiri logi iandikwe, ndiyo imepanda juu kwenye orodha yangu. Hiyo ni hatua inayofuata: SSD mbili zenye ulinzi wa umeme kukatika, kwa ajili ya logi tu.

---

Kipanga Mlima

Na kununua seva mpya? Hizi ni DDR3, za zaidi ya miaka kumi.

---

Mlinzi wa Jedwali

Kama hela ipo, nunua. Kiini cha sasa kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mzunguko, na kwa sisi wa leseni kwa kiini hilo lina faida kubwa. Mimi sikuwa na chaguo hilo mwaka huu, na mfumo ulikuwa unaumiza watu sasa hivi. Ila niliandika wazi kwenye ripoti kwamba nimenunua muda, na nimeomba seva mpya iwe kwenye bajeti ijayo. Usiruhusu ukarabati mzuri ukawa sababu ya kuahirishwa milele. Pawasapulai na betri ya kadi ya RAID za mashine hizi zimezeeka, na RAM mpya haizirudishi ujana.

---

Nahodha wa Data

Wakuu nimerudi na matokeo. 2667 v2 mbili zimeingia, BIOS ilisasishwa kwanza kama ilivyoelekezwa, soketi zote nilizipiga picha. RAM 128GB imesomeka yote, kurasa kubwa zimekubali.

Lakini kuna jambo la ajabu. numastat inaonyesha upande mmoja wa RAM umejaa kabisa na mwingine una nafasi tele, na nimeona swopu (diski inayotumika kama RAM ya akiba) inaguswa. Inawezekanaje na RAM ipo?

---

Kitabu Wazi

Hiyo ni NUMA, na imekupata kwa sababu zamani ulikuwa na prosesa moja, hukuwa na pande mbili. Kila prosesa ina RAM yake ya karibu, na kufikia ya mwenzake kunachukua muda zaidi. Kuna mpangilio unaoitwa vm.zone_reclaim_mode. Ukiwa 1, kerneli inajaribu kusafisha RAM ya upande wake badala ya kuchukua ya upande wa pili iliyo wazi. Kwa hifadhidata uwe 0. Angalia, mfumo endeshi wako ukiwa wa zamani huenda ni 1.

Ukishafanya hivyo, anzisha PostgreSQL kwa numactl --interleave=all, ili shared_buffers zitawanyike pande zote mbili sawasawa. Wenzetu wa MySQL wana innodb_numa_interleave kwa kazi hiyohiyo.

---

Nahodha wa Data

Ilikuwa 1. Nimeweka 0, nimeandika kwenye sysctl ili ibaki baada ya kuwasha upya, na nimeanzisha kwa interleave. Sasa pande zimelingana na swopu imetulia kwenye sifuri tangu jana asubuhi.

Nimewasha pia pg_prewarm yenye kujiendesha, seva ikizimwa na kuwashwa inarudisha kurasa zilizokuwa kwenye bafa, kwa hiyo asubuhi ya kwanza haikuwa nzito. Vijiti vinne nilivyotaka kuvirudisha vyote viko ndani, havina kosa hata moja la ECC mpaka sasa.

---

Mama Seva

Hongera Nahodha. Endelea kusoma kumbukumbu za mashine wiki mbili hizi.